Usajili haukuwa tatizo la Texas A&M

Kuna mwandishi anadai timu ya chuo ikivurunda kwenye futiboli ya Kimarekani, basi kocha kazembea kusaka vijana wa sekondari. Napinga kabisa. Mwaka 2022 Texas A&M, chuo kikuu cha Marekani, ilisajili kundi lililopewa namba 1 nchi nzima, vijana wa nyota tano, daraja la juu kabisa, wamejaa tele, na msimu huohuo ikashinda mechi 5, ikafungwa 7. Novemba 2023 kocha wake, Jimbo Fisher, akafutwa kazi, na kuvunja mkataba wake kukagharimu zaidi ya dola milioni 75. Juhudi gani tena ya usajili mliyotaka? Mashambulizi yalikuwa butu, basi! Mtazameni kocha Curt Cignetti: alipohamia chuo cha Indiana alikuja na wachezaji 13 kutoka James Madison alikokuwa akifundisha, chuo ambacho hakuna shabiki wa timu kubwa aliyekuwa akikihofia, na mwaka 2024 wakashinda mechi 11, idadi ambayo Indiana haikuwahi kuifikia kabla ya hapo. Vijana wale walishaujua mfumo wake, na yeye alishajua nani anaweza nini. Tangu 2021 mchezaji anahama bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo kumtunza uliye naye ni kazi nzito kuliko kumpata mpya. Nyie wenzangu, kocha wenu mnampima kwa orodha ya usajili ya Desemba au kwa mechi za Novemba?