Nimenyoa Vyama Vyote

Kuna kazi hazifai kabisa msimu wa kampeni, na ya kwanza ni ya kinyozi. Muuza mawese akibishana na mteja wake, wakizidiana sana watamwagiana mawese, watafua, yataisha. Mimi nabishana na mtu nimemshika shingo, wembe uko chini ya kidevu. Sasa mtu huyo akuulize, "Kinyozi, mwaka huu unampa nani?" Utamjibu nini? Mimi hujibu, "Huyo huyo wako." Halafu nampaka spiriti, mjadala unaishia hapo.

Hiyo ndiyo siasa yangu tangu nifungue banda hapa Mwanga, Kigoma. Siku moja nilikuwa CCM saa tatu asubuhi, saa nne nikawa Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, saa nne na nusu ACT, na kabla ya adhuhuri nikawa sipigi kura kabisa, maana aliyekaa kitini dini yake inamkataza. Na yeye ana kichwa, analipa elfu moja kama wenzake.

Lakini mwaka 2015, jamani. Ule mwaka ulinitia hasara ambayo nadai mpaka leo.

Ulianza vizuri, nisiseme uongo. Zilipokuja mashine za BVR, zile za alama za vidole, kuandikisha wapigakura, ikajulikana kwamba kwenye kadi kuna picha. Nani anataka kubaki na nywele timutimu kwenye kadi miaka mitano? Watu wakapanga foleni kwangu kabla ya kwenda kupanga foleni kule. Nikiwauliza wanajiandikisha wamchague nani, wengi wananishangaa. Mmoja anataka kitambulisho cha kusajilia laini, mwingine cha kumdhamini shemeji yake polisi, mwingine cha mkopo. Na kura je? "Hiyo tutaijua huko huko." Nchi nzima waliandikishwa milioni 23 na ushee, na nina hakika wapo waliokwenda kwa ajili ya shemeji tu.

Agosti kampeni zikaanza, na balaa langu likaanza na kibao cha bei. Nilikuwa nimekiandika kwa rangi ya mafuta, mwandiko safi: watu wazima 1,000, ndevu 500, piko 2,000, watoto 500. Asubuhi moja nafika, nakuta mgombea kabandikwa juu ya "watu wazima". Kesho yake mgombea mwingine juu ya "ndevu na piko". Nataka kubandua, mgambo ananiambia ukibandua picha ya mgombea unalo. Na hata asingeniambia, nikibandua huyu wa huku watasema mimi wa kule. Kwa hiyo kibao changu kikabaki na maneno mawili tu: watoto 500. Limtu lina ndevu mpaka kifuani linakaa, linanyolewa, linatoa mia tano.

"Hiyo ni bei ya watoto, kaka."

"Kwani mimi si mtoto wa mtu?"

Benchi langu la wateja linachukua watu watano. Msimu ule lilikuwa bunge. Kulikuwa na kijana wa bodaboda, yeye ni Ukawa, mabadiliko mpaka kwenye kope. Ukimwambia habari za asubuhi anakujibu kwa kuzungusha mikono kama refa anayeita mchezaji wa akiba. Sasa kijana huyu namjua. Uchaguzi wa 2010 alikuwa anatembea na karatasi mfukoni, ile orodha ya watuhumiwa wa ufisadi iliyosomwa Mwembeyanga, Dar es Salaam, mwaka 2007, na jina la Lowassa limo. Mwaka 2015 Lowassa katoka CCM kahamia kwao, ndiye mgombea wao wa urais, na picha yake iko kwenye tangi la pikipiki. Nikamuuliza kwa upole, wembe nimeuweka mbali: "Na ile karatasi yako?"

"Ilifuliwa na suruali," akasema.

Jirani yake benchini ni fundi seremala, mtu wa CCM, wa Hapa Kazi Tu. Mgombea wao Magufuli alipopiga pushapu jukwaani, fundi akaona kumbe hoja zote duniani dawa yake ni pushapu. Bodaboda anamwambia shule hazina madawati, fundi anashuka chini. Anamwambia mafuriko, yaani umati wa Lowassa, hayazuiliki kwa mikono, fundi yuko chini. Siku moja alipiga tatu, ya nne akabaki huko huko. Tulipomwinua alikuwa na kifua chenye nywele za watu tisa. Na yeye seremala, sikiliza, seremala! Madawati yale angeweza kuyatengeneza mwenyewe. Huo muda wa pushapu ungetoa hata mguu mmoja wa meza.

Kuna mvuvi wa Kibirizi, yeye hana chama. Wezi walimvizia usiku katikati ya ziwa, wakamchukulia injini, akarudi kwa kasia na mkono mmoja unachota maji. Kila mgombea akitajwa anauliza swali lile lile: "Huyo ataileta Yamaha yangu?" Wakimweleza habari za gridi ya taifa, sera, uchumi wa viwanda, anasikiliza mpaka mwisho, adabu anayo, kisha anauliza, "Sawa. Na Yamaha?" Mimi naona huyu ndiye mpigakura pekee aliyekuwa na ilani inayoeleweka.

Na kuna mama mmoja huleta kijana wake kunyolewa. Alikaa kimya wiki tatu akiwasikiliza, siku ya siku akasema, "Wagombea urais wanane. Wanaume saba, mwanamke mmoja, Anna Mghwira, na humu ndani sijasikia jina lake hata mara moja." Benchi zima likaangalia viatu. Akalipa mia tano. Yeye alikuwa na haki, mtoto alikuwa mtoto kweli.

Lakini spika wa bunge lile alikuwa mzee wetu wa Ujiji, Mmanyema, kofia yake haivuki nyusi. Haji kunyolewa, nywele zenyewe hana. Anakuja kukaa. Kijana wa bodaboda akisema safari hii mafuriko, mzee anacheka mpaka anakohoa. "Mwanangu, mimi 1995 nilikuwa Dar es Salaam. Tulimsukuma Mrema, mgombea wa upinzani, ndani ya gari mpaka ndara zangu zikabaki kamba. Injini nzima, dereva yupo, mafuta yamo, na sisi tunasukuma! Kura zilipohesabiwa alipata asilimia 27 na ushee. Hizo ndara nimenunua mwenyewe."

Fundi akifurahi kwamba mzee yuko upande wake, mzee anamgeukia. "Na wewe unayesema aliyetoka chama chenu kazama. Meli ya Liemba ile pale bandarini unaiona? Mjerumani aliizamisha kwa mkono wake mwaka 1916, kaipaka na grisi kabisa ili isioze. Mwingereza akaja akaiibua 1924. Leo unapandia kwenda Kasanga na magunia yako ya dagaa. Kwa hiyo usiniambie mimi habari za kuzama."

"Kwa hiyo mzee wewe uko upande gani?"

"Mimi niko kivulini."

Kaka yangu kule kijijini Kasulu naye kila jioni ananipigia. Kulikuwa na ahadi ya milioni 50 kila kijiji, na yeye alishaunda kikundi cha kuipokea. Mwenyekiti yeye, mweka hazina mkewe. Nikatuma elfu ishirini ya kiingilio na hela ya daftari. Septemba wakagombana namna ya kuzigawa, Oktoba kikundi kikavunjika vipande viwili, vikashitakiana kwa mtendaji. Milioni 50 yenyewe sijawahi kuiona. Daftari lipo, ana watoto wanaandikia hesabu.

Sasa tufike kwenye hasara.

Nilikuwa na kitambaa cha kuwafunika wateja. Mke wangu alikishona kutoka kwenye kanga ya kampeni ya 2010, kanga nzito, haichuji. Rangi zake sizitaji, nina wateja wa pande zote. (Najua mtasema takrima, zile zawadi za wagombea, mahakama iliipiga chini tangu 2006. Kweli, lakini kanga hazisomi hukumu.)

Siku kumi kabla ya kura, kakaa kitini dalali wa viwanja, mtu wa mwili, kichwa kipana, kazi ya nusu saa. Nimemaliza upande wa kulia, mweupe pe, naingia wa kushoto, umeme ukakatika. Wakati ule Kigoma tulikuwa bado hatujafikiwa na gridi, tunaishi kwa majenereta, kwa hiyo mashine kuzimika kichwani mwa mtu ni jambo la kawaida. Nikamwambia atulie. Hapo hapo ikasikika chopa. Inatokea ziwani, inakuja juu yetu, mabati yanalia, nywele zote za sakafuni zikapanda hewani, za vyama vyote, zikatuingia mdomoni. Nilipofumbua macho kiti kiko kitupu. Dalali katoka mbio na kitambaa shingoni, kufuata chopa, na umri ule.

Yaliyofuata nilihadithiwa na watu watatu tofauti, na wote wanafanana, kwa hiyo ni kweli. Dalali kafika uwanjani, kajipenyeza mpaka mbele, na kitambaa changu chenye rangi za wenyewe, katikati ya mkutano wa wengine. Mwenye kipaza sauti akamwona. Mwaka ule kila mkutano ulikuwa unatafuta mtu wa kurudisha kadi ya chama chake, maana hata mawaziri wakuu wastaafu walikuwa wanahama. "Huyo hapo! Huyo kachoka nao! Mleteni!" Wakamnyanyua juu kwa juu, kilo zile zote, wakampandisha jukwaani. Kichwa chake kikaonekana. Mwenye kipaza akasimama kidogo, akapata neno: "Tazameni walivyomfanya! Nusu wamenyoa, nusu wameiba!"

Uwanja ukalipuka.

Wakampa kipaza aseme neno. Dalali wa watu hana hotuba, kaja kuangalia chopa. Akasema kitu pekee alichokijua: "Umeme umekatika!"

Nasikia hapo ndipo watu walipolia. Wakakivua kitambaa changu, wakakitupa chini, wakakicheza ngoma. Yeye wakamvisha kofia mpya na kumkumbatia.

Jioni wakaja vijana wawili kwangu, wapole, wamekunja mikono nyuma. "Kinyozi, ile kanga yetu iliyokanyagwa ilitoka hapa?" Nikaapa kwa mashine yangu. Wakaondoka, na usiku mke wangu akafungua kesi yake mwenyewe kuhusu kanga hiyo hiyo, na hiyo haikuwa na wakili. Nikawa nafunika wateja kwa shuka letu la maua. Dalali namfuata anilipe hata ile nusu, ananiambia hujamaliza kazi, nalipia nini? Na kofia haivui. Ameshakuwa kada, anakaa meza ya mbele, anachangia mada.

Jumapili ya tarehe 25 Oktoba tukapiga kura shuleni, wino kidoleni, kimya kimya. Mke wangu nilimuuliza kampa nani, akasema kura ni siri. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mume wake. Akasema ndiyo maana.

Balaa la siku ile ni mita 200. Mnakumbuka ule ubishi, ukishapiga kura ukae mita 200 uilinde, au uende nyumbani? Serikali na mahakama zikasema nendeni nyumbani. Vijana wakapima kwa hatua kutoka mlango wa kituo, hatua ya mia mbili ikaangukia kwenye banda langu. Saa kumi jioni nina watu kumi na mmoja benchini na sakafuni, hakuna anayenyolewa. Askari kapita, akachungulia.

"Hawa ni nani?"

"Wateja, afande. Wanasubiri zamu."

Akawaangalia mmoja mmoja, akanirudia mimi. "Mbona sita wana vipara?"

Tarehe 29 Magufuli akatangazwa, asilimia 58 na ushee, Lowassa 39 na ushee. Fundi akapiga pushapu mbili, akashindwa. Bodaboda alibandua picha kwenye tangi ikabaki gundi, vumbi likashika hapo pakawa na kivuli cha mtu. Mvuvi akaniuliza huyu mpya anaapishwa lini, na akiapishwa, habari za injini aandikie barua wapi. Mvua za Novemba zikabandua picha kwenye kibao changu, zikaondoka na rangi ya "watu wazima".

Na dalali akaja. Akafunga mlango, akavua kofia. Upande mmoja umeota vinywele kama jani la mpunga, upande mwingine msitu. Anapunguza sauti: "Kinyozi, malizia."

"Kwanza nusu ya zamani. Halafu kitambaa."

"Kitambaa chako nilikipandisha jukwaani bure, watu maelfu wamekiona. Tangazo kama lile wenzako wanalipia. Wewe ndiye unanidai mimi?"

Sikubishana. Nikamfunika shuka la maua, nikazunguka nyuma ya kiti kama naokota kitu, nikarudi, nikawasha mashine. Nikapitisha mara moja. Nikapitisha mara ya pili. Umeme ukakatika. Dalali akainuka. Kiti nacho kikainuka, maana safari hii ncha za shuka nilikuwa nimezifunga fundo kwenye mguu wa kiti.