Jenerali wa Getini

Jamani, Dodoma ya siku hizi mabega yamekuwa mazito kuliko mifuko. Juzi napeleka dumu la mafuta ya alizeti kwa mteja, ofisi fulani huku njia ya Nkuhungu. Getini kasimama mlinzi wa kampuni binafsi, kijana mdogo tu, nyota nne kila bega. Nne! JWTZ Luteni Usu ana nyota moja, Luteni mbili, Kapteni tatu, halafu kwa Meja alama inabadilika kabisa. Nyota nne zilizopangwa mstari ni jenerali wa Marekani. Na jenerali wa Marekani ananiuliza, "Mzee, dumu lina nini?"

Mkononi sasa! Kashonewa V tatu, ncha zinatazama juu. Mjomba wangu, sajenti mstaafu, alishanieleza: V zetu tulizirithi kwa Waingereza, ncha chini. Za ncha juu wanavaa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Tena V ni za askari, nyota ni za afisa, havikai mwili mmoja. Maana yake kijana huyu akishavaa asubuhi, mkono unatakiwa ulipigie bega saluti.

Wenye vyeo vya kweli walifika mahali wakavikwepa. Vita ya 1914 maafisa wa Uingereza waliingia na alama kwenye pindo la mikono ya koti, wadunguzi wa Kijerumani wakawa wanawachagua kama embe sokoni. Wengine wakahamishia alama begani zisionekane upesi. Huyu wetu ukishuka stendi ya Nanenane unamwona anametameta.

Agosti 2023 jeshi lilipotoa siku 7 raia wasalimishe mavazi yanayofanana na ya kwake, nikajua mabega nayo yatapumzika. Wapi! Kilichoondoka ni kaptula yangu ya madoadoa, ya mtumba, niliyokuwa nalimia. Mama watoto hakungoja hata siku ya pili.

Basi nikamwambia, "Afande, mafuta yatapata jua." Akasema hana mamlaka. Nyota nne hana mamlaka ya dumu! Akamwita mkuu wake wa zamu. Akatoka jamaa anatafuna hindi la kuchoma, begani nyota tano. Marekani jenerali wa mwisho kubaki na nyota tano alikuwa Omar Bradley, akafariki 1981. Huyu wa kwetu akafuta mdomo, akadai kitambulisho cha NIDA.

Changu bado hakijatoka.