Posa ya Bundi Juu ya Bati

Bundi akilia juu ya paa, mtaani kwetu Morogoro swali la kwanza ni nani anaumwa. Nimelisikia tangu utotoni, na simdharau anayeuliza. Msiba ukifuata sauti ile, watu hawausahau. Lakini mimi hupenda kuzima taa na kukaa uani jioni nikiwatazama bundi weupe wawili walioweka makazi darini, upande wa jikoni, na ninaona kinachoendelea ni posa. Tunawapiga mawe viumbe walio katika uchumba.

Mwenye kelele nyingi ni dume. Giza likiingia huzunguka juu ya miembe na paa, akitoa ukelele mrefu wenye mkwaruzo, kama kaniki inayochanwa. Anawajulisha madume wengine kwamba eneo lina mwenyewe, na papo hapo anamwita jike. Jike akitua ukingoni mwa bati, dume huja mbele yake akaelea hewani kidogo, mabawa yakipiga, miguu ikining'inia. Halafu hufukuzana, wote wakilia. Aliyelala ndani haoni lolote kati ya hayo. Kinachomfikia ni ule ukelele tu, tena usiku wa manane.

Kuwatofautisha kwa macho ni kazi. Aghalabu jike ni mkubwa kidogo na kifua chake kina madoa mengi zaidi, dume ni mweupe zaidi. Mimi hutazama nani anampa nani. Jike hukaa akikoroma, mkoromo wa kudai chakula, mpaka dume arudi na panya mdomoni na kumkabidhi. Mara nyingi hupandana hapo hapo. Wakitulia, huchambuana manyoya ya uso na kusuguana mashavu, na sijui ndege mwingine wa mjini anayenigusa moyo kiasi hicho.

Panya yule ana kazi kubwa. Jike anahitaji nguvu za kutaga, mara nyingi mayai manne hadi saba, kisha ataatamia peke yake kwa takriban mwezi mmoja bila kwenda kuwinda. Uhai wake umo mikononi mwa dume. Tena huanza kuatamia tangu yai la kwanza, kwa hiyo makinda hupishana umri, na chakula kikipungua wale wadogo ndio hufa. Dume asiyeweza kuleta panya sasa hataweza kulisha darini kukijaa vinywa.

Mji wetu una Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako wataalamu wamewachunguza panya kwa miaka mingi, na kila mkulima wa mahindi huku anajua panya shamba anavyofukua mbegu kabla haijaota. Halafu mtu huyo huyo anamfukuza bundi na kwenda dukani kununua sumu! Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi siku hiyo. Huzurura kwa siku kadhaa, akizidi kudhoofika, na mnyama wa namna hiyo ndiye mwepesi kukamatwa. Dume anamchukua, anampelekea mwenzake. Hilo linaniuma kuliko mawe, kwa sababu anayetega sumu hana habari kwamba amemtegea na bundi.

Mama jirani, ninayemheshimu sana, amenishauri niite fundi azibe tundu la dari. Harufu ipo, nakiri, na kinyesi kinachafua ukuta. Nimemwomba anivumilie mpaka makinda waweze kuruka, maana hukaa kiotani kama miezi miwili, na ukiziba sasa watafia humo ndani. Fundi atakuja baadaye. Kabla hajaja, nitakuwa nimefunga sanduku kubwa la mbao juu kwenye mwembe wa nyuma, lenye mlango unaotosha bundi kupita, ili wakirudi kuposana wapate pa kutagia.