Marekani baada ya 1865: Ujenzi Mpya ulishindwa au ulitelekezwa?

Kati ya 1865 na 1877 Marekani ilikuwa na kazi mbili kwa mpigo: kuyarudisha kundini majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga na kupigana kwa miaka minne, na kuwafanya raia kamili watu takriban milioni 4 waliokuwa watumwa. Kipindi hicho huitwa Ujenzi Mpya. Zamani wanahistoria waligombana juu ya nani alikuwa mkorofi. Siku hizi swali limehamia kwenye nyenzo: je, serikali iliyoshinda vita ilikosa uwezo wa kutimiza ilichoandika katika Katiba, au uwezo ilikuwa nao ikachoka kuutumia?

Waliotangulia ni William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia na wanafunzi wake, waliogawana majimbo ya kuandikia: Walter Fleming alitoa kitabu chake kuhusu Alabama mwaka 1905, na J. G. de Roulhac Hamilton akaandika juu ya North Carolina mwaka 1914. Kwao, Bunge lilikosea mwaka 1867 kuwapa wanaume Weusi kura, serikali zilizofuata zilikuwa za wizi, na utulivu ulirudi Wazungu wa Kusini waliposhika tena madaraka. Ubaguzi wa hoja hiyo haujifichi, lakini kuutaja tu hakutoshi, maana watu hawa walichimba nyaraka kwelikweli. Tatizo ni nyaraka zipi, na walizisomaje.

Chukua madeni ya majimbo, silaha waliyoipenda kuliko zote. Jimbo lilipodhamini hatifungani za kampuni ya reli, wao waliihesabu dhamana kama deni la jimbo, hata pale ambapo kampuni ilikuwa bado ikilipa na reli yenyewe iko rehani. Ukitenganisha dhamana na mikopo halisi, takwimu zao za kutisha hunywea. Kodi nayo ilipanda, ni kweli. Ila kabla ya vita sehemu kubwa ya mapato ya majimbo hayo ilitokana na kodi ya watumwa, huku ardhi ikitozwa kidogo. Baada ya 1865 hakukuwa tena na mtumwa wa kutozwa, na kulikuwa na shule za kujenga kwa watoto ambao hapo awali ilikuwa haramu kuwafundisha kusoma katika majimbo mengi. Kodi ya ardhi ingepanda hata wangetawala malaika. Rushwa ilikuwepo, hasa South Carolina, na anayeikana anajidanganya. Lakini miaka hiyohiyo jiji la New York lilikuwa likiibiwa mchana kweupe na Wazungu watupu, na hakuna aliyesema basi Wazungu wanyang'anywe kura.

W. E. B. Du Bois, mwanahistoria Mweusi, aliyasema mengi ya haya mbele ya chama cha wanahistoria wa Marekani mwaka 1909, na makala yake ikachapwa 1910. Haikumshtua mtu. John R. Lynch, mbunge wa zamani wa Mississippi aliyeyaona mambo kwa macho yake, akaandika utetezi wake mwaka 1913, naye akapuuzwa. Kitabu kikubwa cha Du Bois cha 1935 kilitegemea zaidi kumbukumbu zilizochapishwa za Bunge na za serikali. Hoja yake nzito ni kwamba watumwa walioyakimbia mashamba na kwenda upande wa jeshi la Kaskazini walifanya mgomo mkuu ulioamua vita. Kuziita serikali za Kusini utawala wa wafanyakazi kulikuwa kuvuta kamba mno. Hata wanaomheshimu wanakiri. Hata hivyo ndiye aliyemweka mtu Mweusi katikati ya habari kama mtendaji, na tangu John Hope Franklin (1961), Kenneth Stampp (1965) hadi Eric Foner (1988), fani nzima imepita njia aliyoifyeka yeye.

Baada ya kina Dunning kuanguka, mabishano yaligeuka kuwa ya kuhesabu, na hapo ndipo yalipo matamu.

Mei 1865 jeshi la Kaskazini lilikuwa na askari takriban milioni 1. Kufikia Novemba mwaka huohuo, 800,000 hivi walikuwa wamesharudishwa makwao. Bunge lilipoyagawa majimbo 10 ya Kusini katika kanda tano za kijeshi mwaka 1867, askari waliokuwepo katika eneo lote hilo walikuwa kama 20,000, na wengi wao walikuwa Texas wakilinda mpaka dhidi ya mataifa ya wenyeji wa asili. Idara ya Watu Walioachwa Huru, iliyopewa jukumu la kusimamia mikataba ya kazi, shule na mashauri, haikuwahi kuwa na mawakala zaidi ya 900 kwa Kusini nzima. Mwaka 1866 Mississippi ilikuwa nao 12. Mtu mmoja na farasi wake, kaunti kadhaa, na mwenye shamba aliyekataa kulipa mishahara baada ya mavuno: hata angekuwa na nia njema kiasi gani, asingefua dafu.

Gregory Downs (2015) anaegemea hapo kusema kwamba vita havikwisha Lee, jenerali wa Kusini, aliposalimu amri Aprili 1865. Kisheria hali ya vita iliendelea hadi 1871 katika baadhi ya majimbo, na haki zilifika pale tu askari alipoweza kufika. Upande wa pili Michael Les Benedict alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 kwamba hata wabunge walioitwa wenye msimamo mkali waliogopa kuvunja mgawanyo wa madaraka kati ya serikali kuu na majimbo. Walitaka kulimaliza jambo kwa kifungu cha Katiba na kura, ili jeshi liondoke. Kwake, kulaumu uchache wa askari ni kudai watu wa 1867 wawe na serikali ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria.

Nadhani Downs ana nguvu zaidi, na sababu ni South Carolina. Oktoba 1871 Rais Grant alisimamisha katika kaunti tisa za jimbo hilo haki ya mtuhumiwa kufikishwa mahakamani upesi. Wanajeshi wakakamata mamia, na Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowashambulia Weusi, ikavunjika mgongo kwa muda mfupi. Sasa tazama Colfax, Louisiana, Aprili 13, 1873, Jumapili ya Pasaka. Wazungu wenye silaha na mzinga mdogo walilizingira jengo la mahakama lililolindwa na Weusi, wakalichoma, na kuwaua makumi, wengi wakiwa wameshasalimu amri. Zaidi ya watu 90 walishtakiwa, wakatiwa hatiani watatu. Mwaka 1876 Mahakama Kuu ikafuta hata hukumu hizo: Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayolinda haki za raia, ilisema, yanalizuia jimbo, hayamzuii mtu binafsi. Kwa hiyo sheria ya kutumia nguvu ilikuwepo na ilifanya kazi ilipotumiwa. Benedict ana haki katika jambo moja: majaji walikuwa na hofu ileile ya wabunge, na askari hawezi kumlazimisha jaji.

Kuhusu ardhi sina uhakika kama huo. Amri ya Jenerali Sherman wa Kaskazini ya Januari 1865 ilitenga pwani kutoka Charleston hadi Florida kaskazini, hadi ekari 40 kwa familia. Watu kama 40,000 walikuwa wamekaa huko kabla Rais Johnson hajawarudishia wenye mashamba ardhi yao mwaka huohuo. Du Bois na Foner wanaona hapo ndipo uhuru ulipokatwa miguu. Lakini ardhi pekee ingetosha? Sheria ya Juni 1866 ilifungua ekari milioni 46 za serikali katika majimbo matano ya Kusini, na ikakwama kwa mambo madogomadogo: ardhi nyingi ilikuwa misitu ya misonobari na vinamasi, ofisi za usajili zilikuwa chache na mbali, waombaji walikuwa wameshafungwa na mikataba ya kazi hadi mwisho wa mwaka, na hawakuwa na nyumbu, jembe wala chakula cha kungojea mavuno ya kwanza. Halafu kuna utafiti wa Steven Hahn juu ya wakulima wadogo wa Kizungu huko Georgia. Hao walikuwa na ardhi yao. Mwenye duka aliwapa bidhaa mali kauli kwa riba kubwa, akaweka mavuno rehani na kudai walime pamba, bei ya pamba ikaanguka katika miaka ya 1870, na mashamba yakawaponyoka.

Kuna wanaotetea upole wa washindi. Jefferson Davis, rais wa waasi, alifungwa miaka miwili na hakuwahi kushtakiwa hadi mwisho. Sheria ya Mei 1872 iliwarudishia karibu waasi wote haki ya kushika madaraka. Na vita vya pili havikutokea. David Blight (2001) anajibu kwamba Wazungu wa pande mbili walipatana kwa kuisahau sababu ya vita. Mimi ningeongeza kuwa vita vya msituni vilitokea, ila walioanzisha walishinda. Katika uchaguzi wa Mississippi mwaka 1875 Gavana Adelbert Ames aliomba askari, akanyimwa. Kaunti ya Yazoo, yenye Weusi wengi kuliko Wazungu, ilikipa chama cha Republican, kilichotetea kura ya Weusi, kura 7.

Hata mwaka 1877 wenyewe hautoshi kuwa mwisho. Rais Hayes hakuondoa jeshi lote Kusini. Aliwarudisha kambini askari waliokuwa wakilinda majengo ya serikali huko South Carolina na Louisiana. Virginia na Tennessee zilikuwa zimeanguka mikononi mwa wapinzani wa Republican tangu 1869, Georgia 1871, Mississippi 1875, na Weusi waliendelea kupiga kura sehemu nyingi hadi katiba ya Mississippi ya 1890 ilipoanza kuwafungia mlango. Serikali za Republican zilizodumu hadi mwisho zilikuwa tatu, Florida, Louisiana na South Carolina, na katika mbili kati ya hizo gavana alikuwa akiingia ofisini kupitia mlango wenye askari.