Kampuni Ikikwama Huazima Heshima ya Mwingine

Jamaa zangu Nairobi wakinipigia kuhusu hisa, hawakosi kusema, "Huko kwenu Ulaya hakuna utapeli wa namna hii." Upo. Naishi Munich, jirani na Aschheim yalikokuwa makao makuu ya Wirecard, kampuni ya malipo ya kielektroniki.

Kampuni iliyokwama, iwe huku au kwetu, huazima heshima ya mwingine ili wawekezaji wasiikimbie. Kinachobadilika ni anayeazimwa. Ujerumani anayeazimwa ni mdhibiti wa masoko ya fedha na mkaguzi wa hesabu. Mwaka 2019, gazeti la Financial Times lilipohoji hesabu za Wirecard, mdhibiti BaFin alipiga marufuku kwa miezi miwili biashara ya kubashiri kuwa hisa zake zitashuka, kisha akawashtaki waandishi kwa mwendesha mashtaka. Kampuni ingetaka tangazo gani tena? Na hesabu zake wakaguzi wa EY walikuwa wakizipitisha mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 18 Juni 2020 EY wakakataa kutia sahihi: euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwekwa Ufilipino hazikuthibitika. Usiku huo mkurugenzi mkuu, Markus Braun, akatokea kwenye video na wenzake, akasema huenda Wirecard yenyewe ndiyo iliyotapeliwa. Ujasiri ulioje! Baada ya wiki moja kampuni ikaomba ufilisi.

Kwetu anayeazimwa ni serikali. Kuhusu Kenya Airways tumezoea kusikia kwamba serikali haitaiacha ianguke. Kweli, haikuiacha: mwaka 2017 madeni yake kwa serikali na mabenki yaligeuzwa hisa. Lakini hapo fungu la mwenye hisa mdogo likasinyaa, na Julai 2020 hisa zikasimamishwa sokoni hadi Januari 2025. Shirika likaokoka, naye akakaa miaka minne na ushei hana pa kuziuza.

Hata hivyo, Mkenya namwona mjanja kuliko Mjerumani kwa sababu hupiga chabo mapema. Sheria nayo inamsaidia: kampuni iliyo kwenye soko la hisa ikiona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, lazima itangaze kabla ya hesabu kutoka. Shida ni ukweli unaochelewa. Mwaka 2016 Chase Bank ya Kenya ilichapisha hesabu, na siku chache baadaye ikazirekebisha; mikopo kwa watu wa ndani ikaonekana mikubwa zaidi. Wenye akiba wakakimbilia pesa zao, na Aprili 7 benki ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyokwama. Naamini hesabu zile za pili, zingetoka kwanza, zingewashtua watu kidogo kuliko zilivyowashtua.

Huku Ujerumani napapendea kizimba. Braun alianza kujibu mashtaka mjini Munich Desemba 2022, anakana, na kesi imevuta mno. Lakini anaulizwa, hadharani, zile bilioni zilikuwa wapi.