Nesi wa kliniki ya sukari asihamishwe ovyo

Mgonjwa wa sukari au presha hukaa na daktari dakika chache kwa mwezi. Siku zilizobaki yuko nyumbani kwake, Ngamiani au Chumbageni, na ugonjwa wake na joto la Tanga. Anayemwandaa kwa siku hizo ni nesi. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kumzoesha nesi kliniki hii, kisha ratiba ikibadilika akapelekwa wodini, akaletwa mwingine aanze upya.

Wanaofanya hivyo hudhani kazi yenyewe ni kufunga mkanda wa kupimia presha mkononi na kuandika namba. Lakini hata namba ina masharti. Mgonjwa aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi akipimwa papo hapo, presha itasoma juu. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono mezani usawa wa moyo. Awe amekwenda haja ndogo, na kahawa au sigara ya mwisho iwe imepita nusu saa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hupandisha kipimo, na mtu huongezewa vidonge asivyovihitaji.

Kwenye insulini, dawa ya sukari ya kujichoma sindano, ndiko ninakong'ang'ania zaidi. Mtu akizoea kujichoma pale pale kila siku, kwa kuwa hapaumi tena, ngozi hufanya vinundu, na dawa ikiingia hapo hainyonywi sawasawa. Sukari inapanda, daktari anaongeza dozi. Siku akihamia ngozi isiyo na vinundu, dozi ile ile kubwa inanyonywa vizuri na sukari inaporomoka, pengine usiku. Vinundu hivyo havionekani kwenye daftari. Huhisiwa kwa vidole vya nesi anayepapasa tumbo, na nesi aliyelipapasa mwezi uliopita ndiye anayejua kama vimeongezeka. Amwambie mgonjwa ajichome mbele yake pia. Insulini yenye rangi ya maziwa huviringishwa taratibu viganjani mpaka ichanganyike, haitikiswi kwa nguvu.

Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda itupwe, hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne isipozidi nyuzi 30, na chumba cha bati mchana wa Januari huzidi. Asiye na friji atumie vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, kivulini penye upepo. Unyevu wa pwani hupunguza ubaridi wake, ila ni bora kuliko juu ya kabati.

Halafu kuna Ramadhani. Mazungumzo haya yafanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dozi za futari na daku zipangwe na daktari. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita afungue hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imekaribia: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, asubiri dakika 15, apime tena. Mgonjwa mkaidi hukubali neno hili kwa nesi anayemjua.

Ninachodai hakina gharama kubwa: nesi mmoja abaki kliniki mwaka mzima angalau, pawe na mkanda mkubwa, na pazia la kumsitiri mgonjwa anapofunua tumbo na kuvua viatu akaguliwe nyayo.