Na yule mama naye alikuwepo

Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani na hasira. Nimekaa nayo siku nne nikisubiri ipoe, haijapoa, basi naiandika.

Nilikuwa na mgeni, binamu yangu kutoka Morogoro, anayependa muziki kunishinda mimi. Nikampeleka kwenye yale matembezi ya historia ya muziki wa Manchester, mnatembea kwa miguu kundi zima huku kijana mmoja akiwasimulia. Tukasimama Peter Street, mbele ya Free Trade Hall ya zamani, ambayo siku hizi ni hoteli. Kijana akaanza hadithi ile mnayoijua: tarehe 4 Juni 1976, Sex Pistols, bendi ya panki, ule muziki wa fujo wa vijana wa Uingereza, kwenye ukumbi mdogo wa juu, tiketi peni 50, watu wapatao 40. Akataja majina. Peter Hook na Bernard Sumner, waliokuja kuunda bendi ya Joy Division. Morrissey, aliyekuja kuwa mwimbaji maarufu. Howard Devoto na Pete Shelley wa bendi ya Buzzcocks, walioandaa onyesho lenyewe. Akasema karibu kila aliyekuwa mle ndani alitoka akaenda kuunda bendi.

Hapo mama mmoja katika kundi letu, mwenye mvi na mfuko wa sokoni begani, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwepo. Ile ya Julai."

Kijana akacheka. "Kila mtu Manchester alikuwepo!" Kundi zima likaangua kicheko. Yule mama akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwishazoea, akainamisha macho.

Sikucheka. Nilimtazama nikaona mtu aliyenyang'anywa kitu mbele za watu, tena kitu ambacho hawezi kukidai kwa sababu hana risiti.

Niseme kwanza nilivyoingia kwenye habari hizi. Nyumbani, panki tuliijua kama mkato wa nywele kabla hatujasikia hata noti moja ya muziki wake. Nilinyoa panki nikiwa kidato cha pili, na mwalimu wa nidhamu akaniondoa nywele zote kwa mkasi mbele ya mstari wa asubuhi. Miaka mingi baadaye nikaja Uingereza, nikapata kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Mzee asiyepata usingizi saa tisa usiku husimulia, na wazee wanaoingia mikononi mwetu siku hizi si wale wa vita tena. Wapo waliokuwa vijana wa mwaka 1976 na 1977. Nimewasikiliza wengi. Hakuna hata mmoja aliyeunda bendi.

Na karibu hakuna anayeanza na gitaa. Wanaanza na namna walivyotoka nyumbani. Nguo zimefichwa kwenye mfuko wa plastiki, unabadilisha kwenye choo cha stesheni. Shati la shule la kaka yako limechanwa na kuandikwa kwa kalamu, pini za nepi zimetolewa kwenye kopo la ushonaji la mama. Wanakumbuka woga wa njiani. Kiangazi cha 1977 Teddy Boys, kundi la wapenzi wa rock 'n' roll ya zamani, walikuwa wakiwasaka vijana wa panki King's Road kule London, na mwenye nywele zilizosimama hakutembea peke yake. Wanakumbuka mate. Mashabiki waliwatemea wanamuziki mate kama salamu. Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash, bendi nyingine ya panki, alilazwa kwa homa ya ini mwanzoni mwa 1978, na lawama zikaenda kwenye yale mate. Mzee mmoja aliniambia hilo ndilo jambo analolionea aibu mpaka leo, maana naye alikuwa mmoja wa waliotema.

Hizo ndizo kumbukumbu, na ndizo zisizopata nafasi kwenye matembezi yetu ya Jumamosi.

Nakubali, waongo wapo. Onyesho la watu 40 haliwezi kuwa la watu elfu kadhaa, na hao elfu kadhaa wapo, wanasema walikuwepo, wengine ni watu wazima wenye vyeo. Lakini tazameni utani huu umefanya kazi gani. Nyota akisema alikuwepo, anaandikwa kitabuni. Mpishi wa shule akisema alikuwepo, anachekwa. Wote wawili hawana tiketi mfukoni. Tofauti yao ni jambo moja tu, mmoja alikuja kuwa maarufu, na umaarufu wa baadaye ukageuzwa kuwa ushahidi wa alikokuwa zamani. Hiyo si haki.

Tena yule kijana hakusikia hata alichoambiwa. Mama alisema Julai. Maonyesho yalikuwa mawili. La pili lilikuwa tarehe 20 Julai, wiki sita na siku chache baada ya lile la kwanza, na siku hiyo Buzzcocks wenyewe walipiga, pamoja na Slaughter and the Dogs, waliokuja na mashabiki wao kutoka kwao Wythenshawe, pembezoni mwa Manchester. Watu walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo mtu wa Manchester akikwambia alikuwepo, kuna uwezekano mzuri kabisa kwamba anakwambia kweli na wewe ndiye umechanganya tarehe.

Ninachoamini ni kwamba muziki ule uliishi kwa waliokuja kuutazama. Bendi nyingi za mwanzo zilikuwa hazijui kupiga. Waliokuwa wanajua kitu ni wale wa chini ya jukwaa, waliojua kwamba wamekosa kitu fulani maishani na hapa kinatokea. Na usinambie kumbukumbu za mashabiki ni za uzeeni tu. Mark Perry alikuwa karani wa benki mwenye umri wa miaka 19 hivi alipoanza kuandika Sniffin' Glue, jarida la mashabiki, mwezi Julai 1976, kurasa za kutoa kopi zilizobanwa kwa pini. Shabiki aliandika mwenyewe, siku zile zile.

Kama mnataka ushahidi mkubwa kuliko wote, nendeni Belfast.

Mnajua mji ule wa Ireland ya Kaskazini ulivyokuwa, Wakatoliki na Waprotestanti wakiuana. Julai 1975 wanamuziki watatu wa Miami Showband, bendi ya Ireland, waliuawa barabarani wakirudi kutoka kupiga muziki, na baada ya hapo bendi za nje zilikuwa hazitaki kusikia habari ya kwenda huko. Vijana wakabaki na mji unaofungwa jioni, vizuizi, askari wanaokupekua kabla hujaingia dukani. Halafu The Clash wakasema watakuja, tarehe 20 Oktoba 1977, kwenye ukumbi wa Ulster Hall. Vijana wakatoka mitaa ya Wakatoliki na mitaa ya Waprotestanti, mitaa ambayo kijana wa upande huu hakukanyaga upande ule. Wakafika Bedford Street, ulipo ukumbi, wakakuta milango imefungwa. Bima ya onyesho ilikuwa imeondolewa dakika za mwisho, kwa hiyo hakuna muziki.

Hawakurudi nyumbani. Walibaki barabarani, wengine wakakaa chini katikati ya njia, polisi wakaja, pakawa na vurumai. Na katikati ya vurumai ile wakatazamana. Waliokuwepo wamesimulia mara nyingi kwamba kabla ya usiku ule kila mmoja alidhani yuko peke yake mtaani kwake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anasali wapi. Pini kwenye koti ilitosha. Baadaye ikaja Harp Bar, baa chakavu katikati ya mji yenye nyavu za chuma madirishani, wakawa wanakutana hapo, pande zote mbili, miaka ambayo watu wazima walikuwa wakiuana kwa sababu ya pande hizo hizo.

Fikirini jambo hili. Moja ya siku kubwa kabisa katika historia ya panki ni onyesho ambalo halikupigwa. Jukwaani hapakuwa na mtu. Kila kitu tunachokijua kuhusu usiku ule ni mali ya mashabiki. Ukiwaondoa wao, hutabaki na kitu, hutabaki hata na wimbo mmoja wa kusimulia.

Nilikuwa namweleza binamu yangu hayo kwenye basi, abiria wakatutazama kwa sababu sauti yangu ilipanda.

Wasichana ndio walioumia zaidi katika usimulizi huu. Septemba 1976, siku mbili za tamasha la panki pale 100 Club, Oxford Street, glasi ilirushwa ikapasuka, kipande kikamwingia msichana mmoja jichoni, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Sid Vicious, aliyekuja kuwa mpiga besi wa Sex Pistols, alikamatwa kuhusiana na tukio hilo, na uso wake unauzwa kwenye fulana mpaka leo. Yule msichana alikuwa amekuja kusikiliza muziki kama wengine. Nimesoma habari za usiku ule mara nyingi sana, na karibu kila mara yeye ni "msichana mmoja" tu, nami hapa nimemwita hivyo hivyo, na inaniuma.

Hata waliopanda jukwaani hawakusalimika. Mwaka 2016, maonyesho ya panki yalipowekwa British Library, maktaba ya taifa, Viv Albertine wa The Slits, bendi ya wasichana, alikuta majina ya bendi za wanaume ukutani, akachukua kalamu akayakata, akaandika The Slits, X-Ray Spex na Siouxsie. Alifanya vyema.

Nimetaja X-Ray Spex, siwezi kupita. Poly Styrene, mwimbaji wao, ambaye baba yake alikuwa Msomali, alikwenda kuwaona Sex Pistols kwenye gati la Hastings siku aliyotimiza miaka 19, Julai 1976. Inasemwa walikuwa watu wachache tu mle. Alikuwa shabiki katikati ya mashabiki, binti mweusi mwenye vyuma vya meno, na angeweza kurudi nyumbani akawa mama tunayemcheka kwenye matembezi. Aliunda bendi, kwa hiyo tunamwamini kwamba alikuwepo Hastings. Hao wengine wachache wa Hastings nani anawaamini?

Na kwa kuwa watu wa nyumbani huniuliza sisi tunahusianaje na haya: tarehe 1 Desemba 1976 Sex Pistols walitukana kwenye kipindi cha televisheni cha Bill Grundy, nchi nzima ikawaka, na zaidi ya nusu ya maonyesho ya ziara yao yakafutwa. Kwenye kipindi kile waliingia kuziba nafasi ya Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, iliyojitoa. Caerphilly, kule Wales, ni moja ya sehemu chache walikoruhusiwa kupiga, na nje ya ukumbi waumini walisimama kwenye baridi wakiimba nyimbo za Krismasi kuwapinga. Vijana wachache waliingia wakipita katikati yao. Wengine walipita mbele ya watu wanaowajua kanisani.

Kuna jambo sitalifunika. Wapo waliovaa alama ya Wanazi ili kuwaudhi wazazi wao, miaka thelathini tu baada ya vita. Hilo lilikuwa baya wakati ule na ni baya sasa, na hakuna kumbukumbu tamu inayolisafisha. Lakini tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu walitembea kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park kupinga ubaguzi wa rangi, na The Clash, X-Ray Spex na Steel Pulse wakawapigia. Hao nao walikuwa mashabiki walewale, na wengi wao mimi ndiye ninayewageuza kitandani leo usiku.

Matembezi yalipokwisha nilimfuata yule mama. Nikamwomba radhi, ingawa kosa halikuwa langu, nikamkaribisha chai. Binamu yangu akamvutia kiti. Nilimwita mama, nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tunavyomwita mtu wa umri wake, akasema ni sawa.

Hakujitetea. Alisema ukumbi ulikuwa na viti, kama wa kwenda kusikiliza hotuba, na kwamba alikwenda na rafiki yake wa kiwandani aliyekuwa anampenda mpiga gitaa wa Slaughter and the Dogs. Rafiki huyo amekwishafariki. Alisema kulikuwa na joto, kiangazi cha ule ukame, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimekatika kamba. Nikamwuliza Sex Pistols walimalizaje, wimbo wa mwisho ulikuwa upi.

"Sijui," akasema. "Tulitoka kabla. Basi la mwisho lilikuwa linaondoka, na baba alikuwa ameshasema nikilikosa nisirudi."

Mwongo angejua wimbo wa mwisho. Mwongo huona kila kitu.

Akazungusha kikombe chake, kisha akaniangalia. "Wewe umesoma habari hizi," akasema. "Walimalizaje?"

Nikamwambia niliyoyakuta vitabuni, taratibu, tangu pale alipoondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.